Ndoo Moja kwa Wodi Nzima

Mara ya nane, mama hakusinzia.

Alikuwa ametoka zamu ya asubuhi, sare ya usafi wa hospitali bado mwilini, miguu juu ya kigoda. Kesho binti yake angepewa dakika tatu jukwaani aeleze utafiti wake wa chuo mbele ya watu wasio wa fani. Mara saba alikuwa amemsomea mama maelezo hayo, na kila mara mama alimwambia, "Mwanangu, maneno hayo umeyaokota wapi? Sijaambulia kitu."

Sasa binti, kwa kuchoka tu, aliweka karatasi chini.

"Mtu anapiga deki wodi nzima kwa ndoo moja ya maji," alisema. "Akifika kitanda cha sita, anapaka vijidudu badala ya kuviondoa. Wodi zilizobadilisha maji kila vitanda viwili, maambukizi ya vidonda yalipungua kwa nusu."

Aliendelea hivyo hivyo hadi mwisho, kisha akasimamisha saa ya simu. Dakika mbili na sekunde hamsini.

"Umeelewa, mama?"

Mama alikuwa akitazama vidole vyake, vilivyopauka na kukunjamana kwa dawa ya kudekia.

"Nimeelewa. Miaka kumi na tisa, wodi ya upasuaji. Ndoo moja."

Binti aliichukua karatasi. "Sehemu hiyo naweza kuitoa."

"Uitoe ubaki na nini? Bomba liko chini, wodi iko ghorofa ya tatu, na lifti si ya wafagiaji. Hilo mlilipima?"

Binti aliitazama saa. Katika dakika zake tatu, zilikuwa zimebaki sekunde kumi za kulitaja bomba na lifti.