Maji Moto ya Mama Mkwe

Kichwa cha mshereheshaji kilikuwa ndani ya hita ya bwawa la kuogelea, makalio yakitazama mbinguni, na ile sauti nene iliyofungua harusi za watu mji mzima ilikuwa ikibembeleza chuma.

"Waka, mama. Waka basi. Wageni wameshakaa."

Hita ilikohoa, ikatoa harufu ya gesi, ikanyamaza. Akafunga gesi, akarudi nyuma, akasubiri hewa isafike. Mjinga alikuwa, na mwenyewe alikiri, lakini si mjinga wa kulipuka.

Asingehangaika hivyo kama si magoti ya mama mkwe. Daktari alikuwa amesema: maji ya uvuguvugu kila siku, la sivyo magoti yatagoma moja kwa moja. Mama akaja na mkoba wake, akachovya kidole gumba cha mguu bwawani, akakitoa kama aliyeumwa na siafu, akarudi chumbani. Tangu hapo mke wa mshereheshaji hakulala, wala hakumwacha mwenzake alale.

"Mwanyumba wako kapiga simu," alimwambia. "Jumamosi anakuja kumchukua Mama. Kwake maji yana moto. Mama akitoka humu kwa sababu ya baridi, baba watoto, mimi na wewe tutaelewana vibaya."

Mwanyumba huyo, mume wa mdogo wa mkewe, alikuwa mtu wa kuita mafundi. Mshereheshaji alikuwa mtu wa kusema, "Fundi wa nini, na mimi nipo?" Maneno hayo yalikuwa yameshaua redio na pasi, hata urafiki mmoja wa tangu utotoni.

Nyumba yao na ya jirani zilikuwa pacha, zimejengwa na mtu mmoja mwenye haraka zake, na hita zote mbili zilikaa bega kwa bega kwenye kijia cha nyuma. Ya kushoto ilikuwa mzoga: kutu, utando, kiota cha panya. Ya kulia aliipenda tangu siku ya kuhamia, alipoikuta ikinguruma peke yake kama mlevi mwenye habari. Kila alipopata nafasi aliipangusa, akaisemesha, akaisifia uzee wake.

"Maskini jirani," alikuwa akimwambia mkewe. Jirani alikuwa daktari wa meno aliyestaafu. "Kang'oa meno mabovu ya watu maisha yake yote, na hita yake imeoza hivi hivi anaiangalia."

Mchana huo, alipoingiza kichwa tena, akauona ugonjwa. Buibui alikuwa amesuka utando ndani ya kibomba cha gesi, mwali mdogo wa kuwashia ukakosa pa kupita. Akausugua utando kwa brashi ya kuoshea chupa za watoto, akakwangua masizi, akapitisha msasa kwenye kile kijiti kinachonusa moto. Akafungua gesi.

Vuuu! Moto wa buluu, mzuri, umepanga mstari kama wasichana wa maharusi. Akajipigia makofi, maana ukumbi haukuwa na mtu.

Mkewe akaja, akagusa bomba linalotoka kwenye hita.

"Aisee! Linaunguza!"

"Sema tena, hawakusikia kule nyuma."

Mke akaenda bwawani, akatia mkono. "Baridi."

"Subiri. Hata sufuria huipa jiko muda."

Wakasubiri. Akaosha chujio, akasafisha pampu, akazungusha kitufe cha joto mpaka mwisho. Hita ikanguruma mpaka kuta zikatetemeka. Bwawa likabaki na sura ya mtu aliyenyimwa kadi ya mwaliko.

Jumamosi ikafika, na honi ya mwanyumba ikafika nayo. Hakusalimu hata, alikwenda moja kwa moja kutumbukiza vidole.

"Kaka, hili bwawa au friji?"

"Friji lina taa ndani," alijibu mshereheshaji. "Hili hata hiyo halina." Akaketi kwenye ukingo, spana mapajani. "Mchukue tu. Binti yake nilimpata kwa maneno, nikadhani na maji yatachemka kwa maneno."

Mkewe hakucheka. Macho yakiwa yameshajaa machozi, alikwenda kumwita Mama. Akarudi mbio.

"Hayumo chumbani!"

Ndipo wakasikia kicheko ng'ambo ya ukuta. Kicheko kile hakikuwa na pacha. Mshereheshaji alikuwa wa kwanza kuingia kwa jirani, na wa kwanza kugeuza uso ukutani, maana mkwe ni mkwe hata nyumba ikiungua. Lakini alikuwa ameshaona: mvuke ukipanda juu ya bwawa, na Mama ndani yake mpaka shingoni, akirusha miguu kama mtoto.

"Mama! Umo humo?" aliuuliza ukuta.

"Nimo, baba. Alasiri zote nimo. Yalipoa siku kadhaa hapa katikati, yakarudi. Nilimkataza Daktari huyu asikwambie. Mtu anahangaika vile kwa ajili yangu, ningemvunjaje moyo? Huyo mwingine mwambieni azime gari lake. Mimi siendi popote."

Mkewe akacheka na kulia kwa pamoja.

"Daktari," alisema mshereheshaji, bado amegeukia ukuta, "nipe basi namba ya fundi wako."

Jirani akajinyoosha kwenye kiti chake cha plastiki.

"Fundi? Tangu nihamie hapa sijamwita hata mmoja. Hita yangu ina baraka, jirani. Ikizimika, siku mbili tatu inajiwasha yenyewe. Na juzi nilipopita kule nyuma kuitazama, nikaikuta inang'aa kama imetoka dukani."