Jina Juu ya Muhuri

Mzee Kitwana, mnunuzi wa postikadi za zamani, aliinamia kwa lenzi yake kadi aliyoletewa na Mashavu, fundi wa kushona, mpaka Mashavu akaanza kutoka jasho.

"Stempu yenyewe takataka, za aina hii zimejaa tele. Lakini muhuri! Posta hii ilifanya kazi miezi minne tu, kijiji kikamezwa na bwawa. Ningekupa bei ya cherehani mpya, binti yangu. Sasa mjinga gani kaandika juu yake?"

"Mama yangu." Herufi zilikuwa kubwa, zimepinda, zimekatiza muhuri katikati: HIDAYA. "Siku aliyojua kuandika jina lake. Alikuwa na miaka hamsini."

"Bahati yako ninayo dawa. Wino unatoka wote."

Cherehani ya Mashavu ilikufa mwezi uliopita, na sare za watu zimelala hazijashonwa. Akaitazama pamba mkononi mwa mzee, imeshachovywa kwenye dawa.

"Ondoa mkono wako, mzee."

"Utajuta! Kadi ya machorochoro hainunuliwi!"

"Vizuri."

Akachomoa kalamu mfukoni mwa shati la mzee, akaandika MASHAVU chini ya jina la mama yake, kubwa vilevile, mpaka likaifunika tarehe ya muhuri. Mzee akashika kichwa. Mashavu akatoka nayo juani, akiipuliza ili wino ukauke.