Juma la Mtahini

Jirani wa kina Atupele, Mama Tusa, anaapa kwamba yule kijana wa bondeni alirusha ndege vizuri kabisa, ila akafelishwa urubani kwa sababu baba yake alimfokea mtu juu ya chai iliyopoa. Huenda ni kweli. Siku hizi mtahini hukaa kwanza juma zima nyumbani kwa mwanafunzi, na ugomvi wa yeyote mle ndani humpunguzia mwanafunzi alama.

Basi kwa kina Atupele juma hilo lilikuwa tamu. Baba, ambaye akiingia watu huacha kuzungumza, aliosha sufuria huku akiimba. Jioni alishika mwiko kama usukani, Atupele akikariri ukaguzi wa ndege: mafuta, mikanda, mabawa.

"Rubani, abiria wako ana njaa!" Baba akatania. Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Atupele hakukumbuka ni lini alikisikia kicheko kile mara ya mwisho.

Asubuhi ya mtihani, mtahini, Bi Sekela, alikuwa akifunga begi lake. Atupele alisimama mlangoni, kofia mkononi, moyo umetulia, akijua atapita. Nje Baba alikuwa akipiga mluzi.

Mama akajifuta mikono kwenye kanga, akamsogelea mgeni.

"Mama mtahini," akasema kwa sauti ya chini, "mtoto akishafaulu, wewe usiondoke. Chumba kipo. Kaa nasi japo kidogo."

Bi Sekela akainamia begi, akavuta zipu polepole. Nje, mluzi ulikuwa umekoma.