Karatasi ya Mionzi

Emebet alisimama nje ya lango lao, kajitanda shuka zito mpaka masikioni, simu kainyoosha mbele yake mkono mzima kama mtu aliyeshika panya kwa mkia, akimpigia kelele mteja wa Addis Ababa.

"Nimesema darizi ya kijani! Kijani, dada! La, siwezi kuisogeza simu karibu, baba kakataza!"

Ng'ambo ya njia, ndani ya kibanda chake cha mabati, Biruk fundi simu aliweka bisibisi chini akacheka mpaka machozi.

Asubuhi za Debre Birhan zina baridi ya kukata masikio, lakini Emebet angefanyaje? Tangu mama yake afariki, miaka miwili sasa, alikuwa akiuza nguo za darizi akiwa kitandani: simu sikioni, mlango umefungwa, chakula analetewa. Ndipo siku moja baba yake, Ato Mengesha, mpima ardhi mstaafu, alipotoa karatasi iliyokunjwa kwenye mfuko wa koti, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya mahakamani: "Simu isigusane na sikio. Tumia hedifoni za waya." Akaikunja tena. "Mionzi, mwanangu. Mionzi haina mchezo."

Hedifoni alizomnunulia zikafa siku ya tatu. "Vuka njia ukatengenezewe," akasema mzee. Biruk akazitengeneza. Zikafa tena. Hedifoni gani hizo, jamani, zinazokufa kila Jumanne?

Mwezi uliofuata karatasi ikatoka tena mfukoni. "Mtandao ukiwa hafifu, simu hujikamua na mionzi huzidi. Kuta zetu ni za mawe. Ongelea nje, pale langoni."

"Na wewe je, baba? Mbona yako unalala nayo chini ya mto?"

"Mimi nimeshazeeka. Mionzi itanitoa nini, meno?"

Mara ya tatu: "Simu isilale chumbani."

"Basi nitaiweka sebuleni."

"Sebule imepakana na chumba changu! Unataka kuniua? Ipeleke ikalale kwa fundi."

Emebet aliichukua simu akavuka njia bila kubisha. Sababu aliijua mwenyewe. Kupeleka simu jioni na kuifuata asubuhi ni kazi ya dakika moja, na yeye alikuwa akitumia saa nzima. Biruk alimpa kigoda, akammiminia chai ya mdalasini, akamwuliza habari za marehemu mama yake, jambo ambalo mtaa mzima ulikuwa ukiliogopa. Emebet alilia siku ile, kisha akacheka, na kesho yake akawahi zaidi. Mvua kubwa zilipokwisha, alikuwa kampenda hasa. Kampenda mpaka akaanza kuogopa.

Kwa maana Ato Mengesha alikuwa na sifa zake. Desturi inataka baba wa binti awakatae wazee wa posa kwanza, nao warudi, na warudi tena, ndipo alegee. Yeye halegei. Wazee wa mhasibu walirudi mpaka soli za viatu zikaisha. Wa mwenye mabasi walifika mara sita wakasusa. Sasa fundi wa kibanda cha mabati atapita wapi?

"Akinikataa je?" aliuliza Biruk.

"Atakukataa tu," alisema Emebet. "Na akigundua simu ilikuwa kisingizio changu cha kuja hapa, hata langoni sitafika tena."

Hata hivyo Jumapili wazee watatu wa Biruk walibisha hodi. Wakasimama sebuleni kama ilivyo ada: hawaketi, hawagusi kahawa, mpaka wajibiwe. Emebet alikuwa jikoni akikaanga buni, sikio lake mlangoni.

"Ato Mengesha," alianza mkubwa wao, "tumekuja kumwomba binti yako kwa ajili ya kijana wetu. Kijana mwenyewe ni Biruk, yule fundi wa..."

"Kaeni," alisema Ato Mengesha.

Mzee mmoja, mzoefu wa mambo haya, alikuwa keshageuka kuelekea mlangoni.

"Samahani, bwana. Labda hujatusikia. Hii ni posa. Kwanza unatakiwa utukatae."

"Nimesikia, mimi si kiziwi! Nimekubali. Kaeni basi, mnazuia mlango. Emebet, buni zinaungua!"

Kweli zilikuwa zinaungua. Emebet alisimama katikati ya moshi akicheka na kulia kwa pamoja, na buni zile akazimwaga zote akaanza upya.

Kahawa ilipofika kikombe cha tatu, Ato Mengesha alishikwa na joto, akavua koti akamrushia binti yake. "Likung'ute vumbi hilo." Emebet akalipeleka uani, akalikung'uta mara moja, na ile karatasi ikadondoka mfukoni. Miezi yote hiyo mzee hakuwahi kumpa mtu aishike. Akaiokota, akaikunjua.

Lilikuwa tangazo kuukuu la chanjo ya kondoo. Nyuma yake, kwa mwandiko wa baba, palikuwa na mistari minne. Mitatu ilikuwa imeshakatwa kwa kalamu: "Hedifoni (kumbuka kukata waya kila Jumatatu)." "Langoni." "Simu ilale kwa Biruk." Wa nne ulikuwa bado haujaguswa: "Kama hadi Krismasi kijana hajaposa, televisheni nayo ina mionzi."