Pua ya Mama Mkwe

Riziki alimimina dawa ya pua ya mama mkwe wake kwenye shina la mpapai, akakijaza kichupa maji ya mtungini, akakirudisha dirishani kilipokuwa.

Hakuwa na ubaya na Bi Mwanahamisi. Alitaka ile pua izibe tu, izibe hata milele.

Tangu uchungu wa siku tatu uliomwacha bila mtoto, mkojo ulimtoka wenyewe, akikaa, akisimama, akicheka. Alijifunga vitambaa, akaoga mara nne kwa siku, akafua kabla jua halijatoka. Harufu ikabaki palepale. Jirani yao Rukia alipatwa na hayohayo; alirudishwa kwao na godoro lake juu ya baiskeli. Idrisa, mume wa Riziki, alikuwa machimboni Tunduru, na angerudi korosho zikianza kuokotwa. Mama akijua, Idrisa atajua.

Lakini Mungu akaleta salfa. Mwezi wa sita Naliendele nzima ilipulizia mikorosho, unga ule wa njano ukatua mpaka kwenye vyungu. Wiki hiyohiyo Bi Mwanahamisi akaanza kupiga chafya na kusemea puani.

"Mwanangu, mimi sasa gogo," alisema. "Niwekee papa mkavu, niwekee marashi, kwangu vyote maji."

Riziki akavuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu mazishi.

Akatumwa dawa Chikongola. Muuza duka alimweleza vizuri: huo ni mzio wa vumbi. Mama ajifunge kitambaa watu wakipulizia, asafishe pua kwa maji ya chumvi, godoro la sufi lianikwe juani. Matone yasizidi siku tano, pua isije ikayazoea. Riziki alisikiliza neno kwa neno, kisha akafanya kinyume. Godoro halikuona jua. Matone yalinywewa na mpapai.

Mchana walikaa jamvi moja wakimenya muhogo wa makopa, bega kwa bega, Bi Mwanahamisi akisimulia watu wote waliomkosea tangu ujana wake. Siku moja alikatisha hadithi katikati.

"Wewe, mchuzi unashika chini."

Riziki alikimbilia jikoni nyuma ya nyumba. Kweli, ulikuwa umekauka. Ameona moshi, alijisemea. Mama ana macho yule.

Mwezi wa nane salfa ikaisha, pua isizibuke. Riziki alishukuru kimyakimya. Kitu kimoja tu kilimkosesha usingizi: kila aliyetoka mjini, Bi Mwanahamisi alimuuliza swali lilelile. Madaktari wa kutoka Dar wanakuja lini?

Asubuhi moja alimkuta mama mkwe amekwisha kujitanda kanga, pochi mkononi.

"Vaa. Madaktari wamefika. Leo pua hii itasema ilichomeza."

"Mama, ngoja kwanza nikuchemshie mchaichai ujifukize."

"Nimejifukiza mpaka nimeiva. Nimekuwa muhogo. Vaa, na uchukue kanga mbili."

Hospitalini Riziki alikaa karibu na mwisho wa benchi, mapaja ameyabana. Bi Mwanahamisi akasogea, akakaa naye wakagusana. Riziki akasogea tena mpaka ukuta ukamzuia. Alihesabu watu waliobaki mbele yao. Saba. Watano. Akawaza njia ya kwao Mahurunga, na jinsi ya kufika bila kupita mbele za watu.

"Mama, mimi nikusubiri nje?"

"Nani atanishika mkono wakinichokonoa?"

Waliitwa. Muuguzi aliyekuja na madaktari hao, Felista, aliwaonyesha viti, akafungua daftari. Riziki hakukaa. Alisimama karibu na mlango, jasho likimtiririka shingoni, akimtazama mama mkwe kama mtu anayetazama moto ukija kwenye nyumba yake.

"Haya, mgonjwa nani, na anasumbuliwa na nini?"

Bi Mwanahamisi aliufunga mlango, akasimama kati ya Riziki na kitasa. Alipofungua kinywa, sauti ilitoka safi, haikukwama popote.

"Ni huyu mwanangu, anavuja mkojo tangu ajifungue. Mimi pua yangu haijaziba hata siku moja, ila niliogopa akijua nanusa, atatoroka kabla hamjafika."