Kibuyu Kilichooshwa kwa Sabuni

Kimoi, jirani yake Kobilo, anadai kwamba ile pua ya chuma inayobandikwa juu ya kila mlango kunusa vyakula vilivyokatazwa ilinusa maziwa ya mgando kwa akina Yatich, na kesho yake mbuzi wao wote wakachukuliwa na kuteremshwa bondeni. "Wakilia, dada, kama watoto!" Kimoi mwenyewe hakuona, aliambiwa. Lakini Kobilo alishikwa na hofu, akakichukua kibuyu cha maziwa alichopewa na mama mkwe siku ya arusi, akakisugua kwa sabuni mpaka masizi yote yakatoka.

Huko mlimani kibuyu husuguliwa ndani kwa kijiti kinachowaka kabla ya kutiwa maziwa. Masizi yale ndiyo ladha ya nyumba.

Sasa mama mkwe amekuja, amekonda. Uji wa paketi, chakula pekee kinachoruhusiwa siku hizi, umemshinda.

"Uji wenu huo hata paka wangu anaususa," alisema akicheka. "Nipe kile kibuyu changu."

Akakifungua kibuyu, akanusa. Kicheko kikamwisha.

"Kinanuka nguo zilizofuliwa."

"Niliogopa, mama," Kobilo akasema, macho chini.

Afadhali angegombezwa. Mama mkwe alipekua kikapu chake tu, akatoa kijiti kikavu cha mti uleule wa zamani.

"Basi niwashie moto, mwanangu, nikitengeneze upya."

Kobilo aliitazama pua juu ya mlango, ambayo ingeunusa moshi huo, kisha akaitazama miguu yake mwenyewe. Mkono wa mama mkwe ulikuwa bado umenyooshwa na kijiti, ukingoja moto.