Mkalimani wa Darajani

"Elie yupo," Sumayiya alisema kwa mara ya tatu. "Yeye pia anajua Kizungu. Leo wewe kaa tu, kula pilau."

Julienne alikuwa ameshashika kipaza sauti. "Elie anaruka maneno. Kazi hii niliianza mimi. Niache niimalize."

Sumayiya, Mnubi wa sauti kubwa na mwenyekiti wa akina mama wa mtaa, hakubisha tena. Alimnyooshea ukosi wa blauzi, akaondoka. Siku hizi watu wa mtaa huo wa Bwaise, Kampala, walikuwa na adabu ya namna hiyo kwa Julienne. Walisema naye polepole, walimwita kwa jina lake tu, na hawakukaa naye sana.

Mahema mawili yalikuwa yamesimamishwa kando ya mfereji, hatua chache kutoka kwenye daraja jipya. Wageni walifika saa nne asubuhi, wanawake kumi na mmoja, Wamarekani weusi, wamevaa zambarau na nyeupe. Watoto waliwaita wazungu weusi, nao walipotafsiriwa maneno hayo walicheka. Waliitana dada ingawa hawakuzaliwa pamoja. Walikula kiapo cha udada wakiwa wasichana wa chuo kikuu, na kiapo hicho kiliwataka wawatumikie watu mpaka uzeeni. Huko kwao, waliowatangulia katika chama hicho cha udada walipita kwa majirani wakiwafundisha kujiandikisha kupiga kura, wakati jambo hilo liliweza kumtoa mtu mweusi roho.

Bwaise hawakuja na mabunda ya nguo. Walikuja na kalamu. Kwa miaka miwili waliwafundisha akina mama kuandika ombi, kukusanya sahihi nyumba kwa nyumba, kudai nafasi ya kusema mbele ya wakubwa. Mkubwa wao, Mama Vernice, mwalimu mkuu mstaafu, alimaliza kila somo kwa swali lilelile: "Wakiwaambia mrudi kesho?"

"Tutarudi kesho!" wanawake walijibu.

Julienne ndiye aliyetafsiri masomo hayo. Alikuja Kampala kutoka Bukavu bila neno moja la Kiingereza, akajifunza kwenye darasa la wakimbizi, akawa mkalimani wa zahanati. Ni msimu mmoja tu wa mvua alipokosekana, wiki sita hivi, na Elie akashika nafasi yake.

Akina mama walirudi ofisini kwa wakubwa hao mara tano. Mara ya tano wakapewa daraja la zege, lenye vyuma vya kushikilia pande zote mbili. Leo walikuwa wamewaita wageni ili wawashukuru.

Sumayiya alisimama. "Zamani tulikuwa tunapita juu ya mbao mbili," alisema. "Mvua ikinyesha, maji inafunika. Huoni ubao iko wapi."

Julienne aliyageuza maneno kuwa Kiingereza. Sauti yake ilikuwa tambarare, kama ya mtu anayesoma saa za kufungua zahanati.

"Mwaka jana, mwezi wa nne, mtoto mmoja alikuwa anatoka shule. Miaka saba. Wenzake walikuwa nyuma. Maji ikamchukua."

Julienne akatafsiri. Mmoja wa wageni alivua miwani.

"Tulimtafuta siku mbili. Tulimjua kwa sweta yake nyekundu."

"Sweta ya kijani," Julienne alisema kwa Kiingereza.

Sumayiya alikielewa Kiingereza cha kiasi hicho. Alikatiza maneno, akamtazama, akaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli. Julienne alingoja sentensi inayofuata. Nzi alitua kwenye kitambaa cha meza. Akamwangalia akitembea mpaka ukingoni. Mikono yake ilikuwa baridi ingawa jua lilikuwa kali, lakini hilo halikumsumbua. Hakuna kilichomsumbua tangu asubuhi.

"Tulipotoka kuzika," Sumayiya aliendelea, sasa kwa sauti ndogo, "wengine walisema tuache hii mambo. Lakini nyinyi mlitufundisha kurudi. Tukaandika karatasi mpya. Sahihi ya kwanza aliweka mama wa mtoto. Mikono yake bado ilikuwa na udongo."

"Mama wa mtoto alitia sahihi ya kwanza," Julienne alitafsiri. Udongo aliuacha.

Kisha akina mama walipiga vigelegele, na Sumayiya akawakabidhi wageni sinia la ukindu lenye rangi zao, zambarau na nyeupe, lililosukwa na wanawake tisa kwa zamu. Ngoma ya Kinubi ikaanza kulia. Mama Vernice alilipokea sinia kwa mikono miwili, akalikumbatia kifuani, akaomba kipaza sauti. Julienne alisimama karibu naye ili wakitumie pamoja.

"Msitushukuru sana," Mama Vernice alisema, na Julienne akafuata kwa Kiswahili. "Sisi tulileta kalamu tu. Waliotembea kwenda ofisini ni nyinyi. Waliofukuzwa na wakarudi ni nyinyi. Nikifika nyumbani nitawaambia dada zangu kwamba niliwaona."

Machozi yalikuwa yakimtoka wazi, naye hakuyafuta.

"Yule mama," alisema, "yupo hapa leo?"

Julienne alitafsiri. Ngoma zilikoma. Chini ya mahema hakuna aliyefungua mdomo.

"Yupo," Julienne alimwambia Mama Vernice kwa Kiingereza. "Anasema asanteni kwa daraja."

Mama Vernice aligeuka huku na huku, akishangaa, maana hakuwa amesikia mtu yeyote akijibu. "Amekaa wapi? Nataka kumshika mkono."

Julienne alisogeza kipaza sauti mdomoni. Akalitafsiri swali hilo pia, neno kwa neno, kwa sauti ileile, na wanawake wote waliokuwa chini ya mahema wakageuka kumtazama yeye.